Hesabu ya Nukta: Taarikhi Fupi ya Kamera ya Kidijitali

Mtu aingiapo leo katika duka la simu, liwe la Kariakoo au la Mombasa, jambo la kwanza atakalosomewa na muuzaji ni hesabu ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta: arubaini na nane, mia na nane, mia mbili, kana kwamba picha ni mtama upimwao kwa pishi. Hesabu hiyo haina uwongo ndani yake, walakini imefika dukani kwa njia ndefu, na njiani humo maana yake imegeuka; naye aijuaye njia hiyo aghalabu hahadaiki.

Mwanzo wake ni mwaka 1957, mjini Washington, katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo, ambako Russell Kirsch na wenzake waliunda chombo chenye silinda iliyozunguka mbele ya jicho la umeme, na kila mahali jicho lile likauliza swali moja tu: hapa ni peupe au ni peusi? Picha aliyoichagua Kirsch ilikuwa ya mwanawe mchanga, umri wake miezi mitatu, kipande cha sentimita 5 kwa 5, nacho kikagawanywa miraba 176 kwa 176, yaani 30,976 kwa jumla. Na kwa kuwa kila mraba haukuwa na jibu ila ndiyo au la, uso wa mtoto ulitoka mweusi na mweupe pasi na kivuli chochote, hata wakalazimika kuipitia picha ile ile mara kadhaa kwa viwango mbalimbali vya nuru na kuyapandanisha majibu, ndipo rangi za kijivu zikaonekana. Basi tangu siku ile ya kwanza ilikuwa dhahiri kwamba wingi wa nukta ni jambo moja, na kile kinachojulikana na kila nukta ni jambo jingine.

Miaka minane baadaye, Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na sayari ya Mirihi kikaleta picha za nukta 200 kwa 200, kila nukta ikiwa na daraja moja kati ya 64 za nuru, na kila picha ikachukua kadiri ya saa 8 kufika duniani. Wahandisi wa maabara ya Pasadena, California, hawakuwa na subira ya kungojea mashine iwachoree. Walizikata kanda za karatasi zilizochapwa tarakimu, wakazibandika ukutani safu kwa safu, wakazipaka chaki za rangi kwa mikono yao, kila fungu la tarakimu na rangi yake. Mimi huona hii ndiyo picha ya kidijitali iliyo nzuri kupita zote. Neno pikseli lenyewe, jina la nukta hizo, liliandikwa mwaka huo huo, katika maabara hiyo hiyo, na Frederic Billingsley.

Kamera, hata hivyo, ilihitaji jicho lake yenyewe, nalo lilitoka Bell Labs mwaka 1969, pale Willard Boyle na George Smith walipobuni kihisi, yaani kipande cha silikoni chenye vyumba vidogo vidogo vinavyokusanya chaji ya umeme kadiri nuru inavyoviangukia, ubunifu uliowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Msomaji aifikirie mitungi iliyopangwa uani kukinga mvua: wa mdomo mpana hupata maji hata mvua ikiwa ya rasharasha, na wa mdomo mwembamba huambulia matone. Naomba mfano huu uhifadhiwe, kwani tutaurejea.

Desemba 1975, mjini Rochester, mhandisi kijana wa Kodak aliyeitwa Steven Sasson alikiweka kihisi cha nukta 100 kwa 100 nyuma ya lenzi ya kamera ya sinema, akakiunganisha na kaseti, akapata kamera ya kilo 3.6 iliyohitaji sekunde 23 kuandika picha moja. Aliyepigwa picha ya kwanza alikuwa bibi mmoja fundi wa maabara. Nywele zake zilionekana vyema katika televisheni, ilhali uso ulikuwa vurugu tupu, naye akasema, kwa insafu kabisa, kwamba kazi bado ipo. Wakubwa walipomwuliza Sasson ni lini kitu hicho kitashindana na filamu, alikisia kwamba zingetakiwa nukta milioni 2, na kwamba ingechukua miaka 15 hadi 20. Kisio hilo lilikuwa la mtu mwenye akili: picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, huhitaji nukta 2,160,000 tu.

Mwaka huo huo, ndani ya Kodak hiyo hiyo, Bryce Bayer alitafuta njia ya kumpa rangi kipofu huyu wa rangi, maana silikoni hujua kiasi cha nuru na haijui kama ni nyekundu au buluu. Aliufunika kila mtungi kwa kioo cha rangi moja, nusu yao kijani, robo nyekundu, robo buluu, na rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta zikakisiwa kutoka kwa jirani zake. Kamera karibu zote za leo hufanya hivyo, kwa hiyo thuluthi mbili za rangi tuzionazo ni makisio. Makisio mazuri, lakini makisio.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kodak DCS ya mwaka 1991 ilikuwa na nukta milioni 1.3 kwa bei iliyopita dola 20,000. Nikon D1 ya mwaka 1999 ikaivuka ile milioni 2 ya Sasson kwa milioni 2.7, na magazeti yakaanza kuiacha filamu. Hapo swali la nukta, kwa picha ya albamu, lilikuwa limekwisha jibiwa, walakini biashara ilikuwa imekwisha pata tarakimu nyepesi kutangaza, nayo haikuwa tayari kuiacha. Watengenezaji wakazidi kuibana mitungi katika ua ule ule, midomo ikawa myembamba, na picha za jioni zikajaa chenga. Mwaka 2008 Canon ilitoa kamera ndogo ya G10 yenye nukta milioni 14.7, na mwaka uliofuata ikatoa G11 yenye milioni 10, ikikiri kwa vitendo kwamba ilipita mpaka.

Hata hizo milioni 200 za simu za leo kwa kawaida huunganishwa nukta 16 ziwe moja, na picha ikahifadhiwa kwa milioni 12.5. Wala kutoka milioni 12 kwenda 48 si kuzidisha udhahiri mara nne. Ni mara mbili tu, kwa kuwa nukta huongezwa upande wa urefu na wa upana pamoja, na hilo pia ni iwapo lenzi ni njema na haina mafuta ya vidole.

Basi uendapo kununua, usimwulize muuzaji megapikseli ni ngapi, kwani hilo atakueleza bila ya kuulizwa. Mwombe apunguze taa za duka, umpige picha yeye mwenyewe, kisha uikuze hadi zionekane kope za macho yake.