Kengeleni: kengele gani hiyo?



Ukivuka daraja la Nyali kwa matatu ukitokea mjini, haupiti muda makanga hugonga bati na kuita, "Kengeleni! Wa Kengeleni!" Mimi nimeshuka hapo tangu nikiwa mwanafunzi. Juzi binti yangu akanivuta kanzu akaniuliza, "Baba, kengele gani hiyo?" Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lenyewe lina sehemu ambayo majumbani mwetu huwa haisemwi.

Majina mengi ya ng'ambo zetu yana maana. Likoni imetokana na liko, yaani pahali pa pwani panapofikia vyombo na watu kuvukia. Changamwe ni jina la Wachangamwe, mmoja wa miji ya Thelatha Taifa pamoja na Wakilindini na Watangana. Na hapa kwetu Kisauni kuna Kengeleni, ambayo kisa chake ni cha karibu zaidi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Aliyetumwa kuanza mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yenye watumwa, lakini waliookolewa walikuwa hawana pa kurudi. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, waliochukuliwa mbali sana na kwao, baadhi yao wakiwa watoto wadogo.

Ndipo wamishonari wa CMS wakanunua ardhi upande huu wa bara, mkabala na Mji wa Kale, na kuanzia 1875 wakawaweka hapo watu hao. Kijiji kikaitwa Frere Town. Walikuwako pia Waafrika waliokuwa wameokolewa zamani na kulelewa Nasik, Bara Hindi, ambao walirudi wakiwa walimu, maseremala na wahunzi.

Kengele ikatundikwa. Wazee husimulia kwamba ilikuwa ikipigwa wanapoonekana wateka watu wakija, ili kina mama wakusanye watoto na wanaume wajiandae. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Watumwa wa mashambani walikuwa wakitoroka na kukimbilia misheni, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji kwa sababu hiyo. Wenye watumwa hao walikuwa watu wa pwani yetu hii, Waislamu kama mimi. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa pwani mpaka 1907.

Najua wapo watakaosema ninafukua makaburi. Lakini Qur'ani, katika Surat al-Balad, imetaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika ile njia nzito ya kheri. Basi tunaona haya gani kuizungumza habari ya walioachwa huru, na ya waliokataa kuwaacha? Kunyamaza kwetu hakujafuta lolote. Mpaka leo, posa ikija, utasikia mtu akinong'ona, "Asili yao unaijua?" Neno "mtumwa" bado ni tusi mitaani.

Na tazama walichotupa watu hao. James Mbotela, mtoto wa Frere Town, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kilichotoka 1934 na kusomwa Afrika Mashariki nzima. Wa ukoo huo huo ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa miongo mingi alituuliza redioni, "Je, huu ni ungwana?" Zamani muungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Kizazi cha walionyimwa jina hilo ndicho kilichokuja kuifunza nchi nzima ungwana, tena kwa Kiswahili kilichonyooka.

Usiku ule nilimweleza binti yangu yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi, baba, tulikuwa upande gani?"

Nikamwambia ukweli, kama nilivyoambiwa na bibi yangu mara moja tu, kwa sauti ya chini: katika ukoo wetu wapo waliomiliki na wapo waliomilikiwa. Babu mmoja alikuwa na shamba, na mama wa watoto wake alikuja kwa jahazi.

Kengele bado ipo, kando ya barabara, na magari yanaipita kutwa. Ukiwa na mtoto, mshukishe hapo siku moja umwoneshe. Akikuuliza alivyoniuliza wangu, usimwambie utamweleza nyumbani. Mjibu hapo hapo.