Kura Iliyompa Mangi Mkuu Kiti

Ukitoka nje asubuhi hapa Majengo, mjini Moshi, kabla mawingu hayajashuka, unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nzima juu ya mabati. Huku mjini tumechanganyika watu wa kila kabila. Hadithi hii ni ya kule juu, kwenye migomba na kahawa, ambako Wachagga walipata kuwa na kitu kinachofanana na nchi ndogo: baraza lao, bendera yao, na kiongozi waliyemchagua wenyewe.

Wazee wa zamani wasingeliamini. Kila mteremko ulikuwa na mangi wake, yaani chifu: Rindi wa Old Moshi, Sina wa Kibosho, Marealle wa Marangu, na vita kati yao havikuisha. Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli wa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, fitina za wamangi wenzake zilikuwa zimewasafishia njia.

Mwaka 1946 Waingereza waliweka juu ya wamangi wote machifu watatu wa tarafa, walioitwa waitori, wa Hai, Vunjo na Rombo. Watu wengi waliona wameongezewa mabwana. Ndipo mwaka 1949 Petro Njau na Joseph Merinyo wakaanzisha chama cha raia wa Kichagga. Merinyo hakuwa mgeni wa mapambano. Tangu 1925 alikuwa mstari wa mbele kuwaunganisha wakulima wa kahawa. Hoja yao ilikuwa moja: mangi mkuu mmoja, na achaguliwe na watu.

Uchaguzi ulifanyika 1951. Waitori wote watatu waligombea: Abdiel Shangali wa Machame, John Maruma wa Rombo, na Petro Itosi Marealle, aliyekuwa ameandika kwa Kiswahili kitabu kuhusu maisha ya Mchagga duniani na ahera. Chama cha Njau kilimsimamisha Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu, kijana aliyesoma hadi Uingereza. Akawashinda wote, na Januari 1952 akasimikwa.

Naamini ushindi ule ulikuwa mkubwa kuliko mshindi. Mkulima mwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, alikuwa amewaangusha wakubwa watatu kwa kura, na mtu akishaonja hilo, hawezi kurudi kuwa wa kuamriwa tu.

Lakini swali moja liliachwa wazi: mangi mkuu anakaa kitini hadi lini? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Solomon Eliufoo, mwalimu Mlutheri aliyesoma Makerere na Marekani, alilibeba swali hilo na chama chake cha kidemokrasia. Alitaka rais wa Wachagga, mwenye muda maalumu. Februari 1960 watu wakapiga kura tena, wakamkubalia. Kiti kilichotolewa na kura kikaondolewa na kura, bila mkuki hata mmoja, juu ya mlima uleule wa akina Rindi na Sina.

Eliufoo akawa rais wa Wachagga, kisha Waziri wa Elimu wa Tanganyika huru. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu nchi nzima. Mlimani, kilele cha utawala huo kilikuwa kimekwisha kuondolewa na Wachagga wenyewe miaka mitatu kabla.