Zimamoto na Ambulensi Marekani: Kwa Nini Kuhama Jimbo ni Kama Kuanza Upya

Mazungumzo ya leo huenda ukadhani hayakuhusu. Ngoja kwanza.

Mama mmoja alikuja kliniki yetu kumleta mjukuu kwa chanjo. Tulipomaliza akaniuliza: "Sista, kijana wangu yuko Marekani. Ni mzimamoto, na pia huhudumia wagonjwa ndani ya ambulensi. Mke wake amepata kazi jimbo lingine, kwa hivyo wanahama. Sasa ananiambia leseni yake haitoshi huko, na huenda akaanza tena kama kuruta. Kwani Marekani si nchi moja?"

Ni swali la haki. Mimi nilipohama kaunti, mwajiri alibadilika lakini leseni yangu ya Baraza la Wauguzi la Kenya ilikuwa ile ile. Marekani mambo si hivyo, na sababu yake iko katika historia.

Katiba ya Marekani, kwa marekebisho yake ya kumi ya mwaka 1791, iliyaachia majimbo mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. Kutoa leseni za kazi ni mojawapo. Mwaka 1889 daktari mmoja wa West Virginia, jina lake Dent, alifika Mahakama Kuu ya nchi akilalamika kwamba jimbo limemzuia kutibu watu ilhali alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka. Mahakama ikasema jimbo lina haki ya kuamua nani anafaa kutibu, kwa sababu linawalinda wagonjwa. Tangu hapo njia ikawa hiyo: kila jimbo na masharti yake.

Sasa tuje kwenye ambulensi. Usidhani Marekani ilikuwa na huduma nzuri tangu zamani. Mwaka 1966 wataalamu wa Chuo cha Taifa cha Sayansi walitoa ripoti iliyoshtua wengi. Walisema mwaka 1965 ajali za kila aina ziliua watu 107,000, na kati yao 49,000 walikufa kwa ajali za magari. Wakaeleza pia kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini zilikuwa mikononi mwa wenye biashara ya mazishi. Kwa nini? Kwa sababu gari la kubebea maiti lina nafasi ya mtu kulala! Mgonjwa alibebwa tu. Njiani hakuna aliyemshughulikia.

Pale Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, wagonjwa wengi walibebwa na polisi. Daktari Peter Safar, aliyesaidia kuvumbua njia ya kumpulizia mgonjwa pumzi na kubonyeza kifua, alimpoteza bintiye kwa pumu mwaka 1966. Mwaka uliofuata alishirikiana na shirika la Freedom House kufundisha vijana weusi wa mtaa wa Hill District, ambao wengi walikuwa wameambiwa hawaajiriki. Walisoma saa 300 hivi: moyo, pumzi, kuzuia damu, kuzalisha. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kutibu mgonjwa kabla hajafika hospitali. Baadaye Daktari Nancy Caroline akawa msimamizi wao wa tiba, na kutokana na kazi yao akaandika mtaala uliotumika kufundisha wahudumu nchi nzima.

Lakini sikiliza kilichotokea. Mwaka 1975 jiji la Pittsburgh lilianzisha huduma yake lenyewe na Freedom House ikafungwa. Vijana wale waliingizwa katika huduma mpya. Kisha ikaja mitihani na masharti mapya, na waliokuwa wamewafundisha wengine wakajikuta chini ya watu wenye uzoefu mdogo kuliko wao. Wengi waliondoka mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, John Moon, alivumilia mpaka akawa msaidizi wa mkuu wa huduma hiyo. Mtaala uliotokana na kazi yao ukaenea majimbo yote, na wao wenyewe wakakosa nafasi mjini kwao.

Kwa hivyo karatasi ina pande mbili. Inamlinda mgonjwa dhidi ya mtu asiyejua kazi. Lakini pia inaweza kumfungia nje mtu anayeijua.

Ili kupunguza tatizo hilo, mwaka 1970 iliundwa Sajili ya Taifa ya wahudumu wa dharura, yenye makao yake Columbus, Ohio. Kazi yake ni kutahini watu kwa kipimo kimoja. Majimbo mengi huutumia mtihani huo. Hata hivyo, sajili haitoi ruhusa ya kufanya kazi. Tukumbuke tofauti hii: cheti kinasema unajua, leseni inasema unaruhusiwa. Cheti cha taifa husafiri nawe, bali leseni hutolewa na jimbo.

Na uzimamoto je? Vituo vya zimamoto vilikuwa tayari karibu na watu, na vina watu macho usiku na mchana. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, miji kama Miami, Seattle na Los Angeles iliwafunza wazimamoto kuhudumia wagonjwa wa moyo na majeruhi. Siku hizi wazimamoto wengi wana kazi mbili mkononi, na kwa hivyo wana mafungu mawili ya karatasi: ya moto na ya tiba.

Fungu la moto lina ugumu wake. Mwajiri huwa ni mji, kaunti au wilaya ya zimamoto. Ukihama, unaacha ukubwa wa kazi, yaani ile miaka iliyokupa cheo na zamu nzuri. Pensheni nayo mara nyingi ni ya mji au jimbo, na haihamishiki kwa urahisi. Idara nyingine huwapokea wenye uzoefu kwa njia fupi. Nyingine humrudisha mtu chuoni pamoja na vijana wapya, hata kama amezima moto miaka kumi.

Juzijuzi kumekuwa na nafuu. Majimbo kadhaa yalitunga mkataba wa pamoja kuhusu wahudumu wa dharura. Ulipata jimbo la kumi mwaka 2017, ukatimia, na ruhusa za kuvuka mpaka zikaanza kutumika mwaka 2020, wakati wa korona. Lakini mkataba huo ni wa wanaovuka kwa muda, kama wakati wa moto mkubwa au kimbunga. Anayehamia moja kwa moja asiutegemee. Aulize jimbo aendako.

Msikilizaji, kama una mtoto, ndugu au jirani katika kazi hii huko, mpe mashauri haya:

Kwanza, asiache kazi kabla ya kupata jibu. Aandikie ofisi ya huduma za dharura ya jimbo jipya na idara ya zimamoto anayoitaka. Ofisi ni mbili, na majibu ni mawili.

Pili, asikubali cheti cha taifa kife. Huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Wengi hukiacha kwa sababu jimbo lao halikidai, kisha siku ya kuhama wanajuta.

Tatu, akusanye karatasi angali kazini: vyeti vya mafunzo ya moto, saa za masomo ya ziada na barua za wakuu. Aulize pia kama vyeti vyake vya moto vimethibitishwa na chombo kinachotambulika nje ya jimbo lake.

Nne, hili ni lenu mliobaki nyumbani. Kati ya leseni moja na nyingine mshahara unaweza kukatika kwa miezi. Mkiona pesa za mwezi hazijafika, msimfikirie vibaya na msimwongezee mzigo wa simu za lawama. Kazi ya kuokoa watu tayari ina mzigo wake moyoni.

Nilimwambia yule mama haya yote. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe hajafukuzwa." Miezi miwili alikuwa amedhani mwanawe anamficha aibu.

Nikamwongezea moja la kumtuliza. Yule Daktari Nancy Caroline wa Pittsburgh alikuja baadaye Afrika Mashariki, akafanya kazi na AMREF katika miaka ya 1980. Naye alihama, akaanza mahali papya, na ujuzi wake ukatufaa sisi.

Basi usione haya kuuliza, na usimhukumu aliye mbali kabla hujamsikia. Ujuzi hauozi, ila karatasi hukwisha muda. Vitunze vyote viwili.

Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Tukutane tena kipindi kijacho, na afya njema.