Kondo la Nyuma na Uzazi Kisumu

Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, uzazi wa Wajaluo ulikuwa mikononi mwa nyamrerwa, yaani mkunga na mganga wa mitishamba, na kondo la nyuma lilipotoka lilizikwa bomani ili mtoto afungamane na ardhi ya ukoo wake. Lakini kondo lililojishikiza kupita kiasi katika ukuta wa mji wa mimba, hali ambayo Irving na Hertig waliichambua mjini Boston mwaka 1937, halikubanduka, na mama aliweza kufa kwa kuvuja damu. Tiba iliyozoeleka hospitalini, kuuondoa mji wa mimba wote, iliokoa uhai huku ikikomesha uzazi, hasara nzito kwa jamii iliyompima mke kwa watoto wake.

Hospitali kuu ya Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa na Rais Kenyatta mnamo Oktoba 1969, ingali ikiitwa "Russia" na wenyeji. Upasuaji wa kujifungua hospitalini, mkombozi wa wengi, huacha kovu ambamo mimba inayofuata huweza kujipandikiza, na kondo lake likajishikiza vivyo hivyo kupita kiasi. Mimba ya namna hiyo ikigunduliwa mapema kwa altrasaundi, methotreksati, dawa inayozuia seli kugawanyika, au upasuaji mdogo wa kuiondoa mimba hiyo, huweza kuunusuru mji wa mimba.