Bandhani: Kila Kidoto ni Fundo



Kumi la mwisho likiingia, madukani hakukanyagiki. Kila mtu anatafuta nguo ya Idd. Huenda katika pita pita zako umewahi kuiona shali nyekundu yenye vidoto vidogo vyeupe na vya manjano, vimepangwa duara au mfano wa maua. Wengi wetu twasema tu "hiyo ni ya Kihindi," basi tukapita. Leo hebu tusimame kidogo tuijue.

Jina lake ni bandhani, kutokana na neno la Kihindi lenye maana ya kufunga. Na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kitambaa cheupe cha pamba au hariri hukunjwa tabaka nne, kikatiwa alama kwa udongo mwekundu. Kisha mfungaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliye nyumbani kwake, huinua kila alama kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, akaizungushia uzi na kukaza. Kikichovywa, palipofungwa hapashiki rangi. Huanzwa na rangi nyepesi kama manjano, kikafungwa tena, kikatiwa nyekundu, na mwisho nyeusi. Maelfu ya vifundo! Nguo moja yaweza kuchukua miezi.

Je, kazi hii ilianza lini? Katika mapango ya Ajanta, India, kuna picha za ukutani za karne ya 5 hivi zinazoonyesha wanawake waliovaa nguo za vidoto namna hii. Karne ya 7, mwandishi Bana alipoeleza harusi ya Rajyashri, dada yake mfalme Harsha, alizitaja nguo za kufungwa na kutiwa rangi.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani, sehemu ya kuangalia zaidi ni Kutch, magharibi mwa Gujarat. Huko mafundi mashuhuri ni Wakhatri, ambao wengi wao ni Waislamu, na wazee wao walitoka Sindh. Bibi harusi wa Kiislamu huko huvaa chandrokhani, mtandio wenye duara kubwa katikati mfano wa mwezi. Bibi harusi wa Kihindu wa Gujarat naye ana gharchola, yenye miraba. Dini mbili, lakini fundo ni lile lile. Na ni kutoka Mandvi, bandari ya Kutch hiyo hiyo, ambako majahazi yalifuata kaskazi hadi Mombasa na Unguja.

Wazungu nao waliipenda. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipeleka Ulaya vitambaa vya hariri kutoka Bengal, na neno "bandana" likazaliwa hapo. Lakini mwaka 1802, kiwanda cha Henry Monteith huko Glasgow kikaanza kuigiza. Walikibana kitambaa chekundu baina ya mabamba ya risasi yenye matundu, wakapitisha dawa ya kufuta rangi, vidoto vikatokea bila hata fundo moja. Mwaka 1856 zikaanza rangi za kemikali. Sasa kuna mashine zinazochapa vidoto vya bandhani kwa mita nyingi kwa siku.

Ndugu msomaji, tatizo si mashine. Nguo rahisi ina mwenyewe. Tatizo ni pale iliyochapwa inapouzwa kwa jina la iliyofungwa, manake hapo anaibiwa mnunuzi, na yule mama anayelipwa kwa hesabu ya vifundo anakosa soko.

Kwa hivyo ukienda dukani, angalia. Bandhani ya kweli ina mikunjo midogo midogo iliyobaki pale ulipokuwa uzi, na vidoto vyake havifanani kabisa. Nyingine huuzwa zikiwa bado zimefungwa. Ukizivuta huku na huku nyuzi hufyatuka moja moja. Na ukiambiwa bei, usikimbilie kusema "ghali." Hesabu kwanza vifundo.

Wabillahi tawfiq.