Ukitafuta Ukakosa, Kosa Si Lako

Leo nina kesi ya hapa Lucky Summer, halafu nitawarudisha nyuma hadi 1979. Vumilieni kidogo.

Nilitengeneza katovuti kadogo ka kutafuta maduka ya dawa, kliniki na mafundi wa huku kwetu. Usiku mmoja mtoto wa jirani akashikwa na pumu. Mama yake akafungua simu, akaandika "chemist lakisama". Jibu: hakuna kilichopatikana. Akarudia, bado. Mwishowe akabeba mtoto kwa boda hadi Baba Dogo. Mtoto alipata nafuu, shukuru Mungu. Lakini duka lilikuwa wazi dakika tano kutoka mlangoni kwake, na kwa orodha yangu lilikuwepo. Nilikuwa nimeliandika "Lucky Summer".

Asubuhi akaniambia, "Pole kijana, mimi hizi vitu zenu sijui kutumia."

Yaani yeye ndiye aliniomba msamaha mimi. Hiyo ilinikaa. Nikaanza kusoma hii sanduku ya kutafuta ilitoka wapi, na nani alisema lawama ni ya anayeandika.

Kumbe kutafuta ni kati ya vitu vya kwanza kabisa ambavyo mtu angeweza kuandika kwa ukurasa wa wavuti. HTML ya mwanzo ya Tim Berners-Lee, miaka ya tisini ikianza, ilikuwa na alama ya ISINDEX. Ulikuwa unaandika maneno yako, kivinjari kinayabandika mwisho wa anwani baada ya alama ya kuuliza, na nafasi inageuzwa kuwa alama ya kujumlisha: Lucky+Summer. Fomu kamili ziliwekwa kwa kanuni za HTML 2.0 mwaka 1995. Siku hizo faili moja ilifanya kila kitu: ipokee maneno, iulize hifadhidata, ichore ukurasa. Fujo tupu.

Dawa ya hiyo fujo ilikuwa imeshafikiriwa kabla wavuti haijazaliwa. Mwaka 1979 Mnorwe mmoja, Trygve Reenskaug, akiwa mgeni kwa maabara ya Xerox PARC kule California, aligawa programu kwa sehemu ambazo leo tunaziita modeli, vyu na kontrola. Lengo lake kubwa lilikuwa kujenga daraja kati ya vile mtu anavyowaza kitu chake na vile kompyuta imekihifadhi. Soma hiyo sentensi tena. Hakuanza na mashine. Alianza na mtu.

Fikiria kibanda cha chakula. Mpishi na masufuria yake ni modeli. Sahani mbele yako ni vyu. Weita ni kontrola. Ukisema "chapo dondo", weita hakwambii "hakuna" eti kwa sababu ubaoni wameandika "chapati na maharagwe". Anaelewa, anapeleka jikoni kwa lugha ya jikoni, anarudi na sahani. Weita wangu mimi alikuwa anapiga kelele jikoni maneno yaleyale ya mteja, bila hata kuyasikiliza.

Mpangilio huu ulishika kasi kwa wavuti baada ya Ruby on Rails kutoka mwaka 2004. Lakini kuwa na kontrola si kuwa na kontrola inayosikiliza. Chukua majina yetu: Ng'ang'a, Nyong'o, Lang'ata. Ile alama ya juu, kwa lugha ya SQL, inafunga maneno. Ukiingiza maneno ya mtu moja kwa moja kwa swali la hifadhidata, Ng'ang'a anavunja mfumo bila kujua, na mhalifu anaweza kupitia mlango huohuo kuiba data. Jarida la Phrack liliandika kuhusu hatari hiyo mwaka 1998. Dawa inajulikana: tuma swali kando na maneno kando, hifadhidata isichanganye mawili. Lakini wavivu walichagua njia rahisi, wakaandika "jina si sahihi". Jina la babu yako, si sahihi!

Sasa turudi nyumbani. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nchi ikiwaka na zaidi ya watu 1,100 wakiuawa katika ghasia hizo, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi. Watu waliripoti walichokiona kwa fomu ya wavuti na kwa SMS, kikawekwa kwa ramani. Toleo la baadaye lilijengwa juu ya Kohana, fremuwaki ya PHP yenye mpangilio huohuo wa kontrola. Mwaka 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, Ushahidi ilitumika, na watu wakatuma SMS kwa Krioli, lugha yao. Hakuna aliyewaambia waandike upya kwa Kiingereza. Watu wa kujitolea walitafsiri na kutafuta kila mahali palipotajwa. Pale programu ilipokosa kuelewa, binadamu alikaa kwa kiti cha weita.

Hapo ndipo nilielewa deni langu. Sasa kontrola yangu inaondoa nafasi za ziada, haijali herufi kubwa au ndogo, na modeli ina orodha ya majina ya mtaa: lakisama, luckysummer, lucky sama. Ikikosa kabisa, inaonyesha yaliyo karibu, na inaniwekea yale maneno nisome jioni. Kila "hakuna" ni mtu alikuwa na shida.

Nilienda kwa jirani nikamwambia, "Mama, ile usiku kosa lilikuwa langu." Akacheka, akanipa chai.

So wewe unayejifunza kuunda tovuti: kabla hujaandika "hakuna kilichopatikana", jiulize kama ulitafuta kweli. Na mtaani kwenu mnaandikaje jina la mtaa? Nitumie, niongeze kwa orodha.