Jioni 9: Tamthilia na Uhandisi

Jioni 9: Tamthilia na Uhandisi ni mfululizo wa maonyesho ya jukwaani yaliyofanyika New York, Marekani, kati ya tarehe 13 na 23 Oktoba 1966. Wasanii 10 na wahandisi wapatao 30 waliyatayarisha kwa pamoja. Wahandisi wengi walitoka Bell Telephone Laboratories huko New Jersey, maabara iliyovumbua transista mwaka 1947. Wasanii walikuwa wacheza dansi, wachoraji na wanamuziki, miongoni mwao John Cage, Robert Rauschenberg, Lucinda Childs, Steve Paxton na Yvonne Rainer. Walikutana katika 69th Regiment Armory, jengo la jeshi lenye uwanja mpana wa gwaride ndani yake na mwangwi uliowatesa mafundi wa sauti.

Mwasisi wa maonyesho haya alikuwa Billy Klüver (1927–2004), mhandisi aliyekulia Sweden na kufanya utafiti wa leza. Mwaka 1960 alimsaidia mchongaji Jean Tinguely kuunda mashine ya kujibomoa yenyewe katika bustani ya Museum of Modern Art. Moto ukawaka, ikabidi uzimwe. Baadaye alishirikiana na Rauschenberg. Mwanzoni wasanii wa Jioni 9 waliandaliwa kwa tamasha la Stockholm, lakini makubaliano yalivunjika, nao wakaamua kuonyesha kazi zao nyumbani.

Wasanii walianza kwa kutaja wanachokitaka, hata kama kilionekana muhali, na wahandisi wakatafuta njia ya kukipata au kitu cha kukaribiana nacho. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtambo ulioitwa TEEM, uliowezesha taa na sauti kuongozwa kwa mbali bila waya. Childs alitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu: miondoko jukwaani iliyabadilisha, na mabadiliko hayo yakageuzwa kuwa sauti. Cage alifungua laini za simu zilizoleta ukumbini kelele za jiji, zikiwamo za mgahawa, kituo cha umeme na banda la mbwa waliopotea.

Kazi iliyofaulu kuliko zote ni Open Score ya Rauschenberg. Mchoraji Frank Stella na mchezaji tenisi Mimi Kanarek walicheza tenisi kwa raketi zilizofichwa maikrofoni na kirusha mawimbi cha redio kilichobuniwa na mhandisi Bill Kaminski. Kila mpira ulipogongwa, mlio mzito ulivuma katika spika na taa moja ikazimika. Taa zikaisha, mchezo ukaisha. Ndipo umati wa mamia ya watu ukaingia uwanjani gizani. Macho ya watazamaji hayakuuona, lakini kamera za infraredi ziliuona, na picha zake zikaonekana kwenye skrini kubwa. Hapo kifaa chenyewe ndicho kilichosimulia hadithi. Ukikiondoa, hakuna tamthilia. Paxton naye aliwapitisha watazamaji ndani ya mahandaki ya plastiki yaliyojazwa hewa kwa feni.

Magazeti hayakuridhika. Mitambo iligoma, maonyesho yakachelewa, na watu waliolipa kiingilio wakakaa wakisubiri. Lawama hizo zilikuwa na msingi, ila zililenga pasipostahili. Maabarani mhandisi hukijaribu kifaa hadi kikubali. Jukwaani pazia lina saa yake, na kosa linaonekana na wote. Pengo hilo halikuzibwa na kipaji cha upande wowote. Lilihitaji muda wa mazoezi katika ukumbi wenyewe, na muda huo ulikuwa mchache mno.

Mwaka huohuo wa 1966 Klüver, Rauschenberg, msanii Robert Whitman na mhandisi Fred Waldhauer walianzisha Experiments in Art and Technology, shirika la kuwakutanisha wasanii na wahandisi. Mwaka 1969 lilibuni mradi wa vipindi vya televisheni vya mafunzo kwa wanavijiji wa Anand, India, eneo la ushirika wa maziwa. Mwaka 1970 lilijenga banda la Pepsi katika maonyesho ya Osaka, Japani, likiwa na kuba la vioo ndani na ukungu wa msanii Fujiko Nakaya nje.

Maonyesho ya 1966 yalirekodiwa kwa filamu, na baadaye kila kazi ikahaririwa kivyake. Anayetaka kuzitazama aanze na Open Score.